Kutoka Mwanga hadi ng'ambo ya ziwa: mwongozo kamili wa kujenga chata ya nguo za vijana ukiwa Kigoma

Karibu kila kijana wa Kigoma anayeanzisha nguo zake ana ndoto moja: siku moja zivaliwe Dar. Mimi nilikuwa nayo, na ilinila miaka miwili pamoja na mtaji wote wa mwanzo. Nilikuwa nanunua kitambaa Kariakoo, nakisafirisha zaidi ya kilomita 1,200 kuja Kigoma, nashona, kisha napakia fulana kwenye basi kuzirudisha kulekule kitambaa kilikotoka, nikashindane na watu wanaonunua mtaa wa pili na kuuza mtaa wa tatu. Muda huohuo, kila nilipopita Kibirizi, bandari yetu ya maboti, mama mmoja wa Kalemie, mji wa Kongo ng'ambo ya ziwa, aliyekuwa akija kufunga mzigo wake alikuwa ananishika mkono: "Papa, hii nguo umevaa, wanauzisha wapi?" Nilimjibu kwa kucheka mara tatu, ya nne ndipo akili ikanikaa sawa.

Ukiitazama Kigoma kutoka Dar, ni mwisho wa reli. Ukiitazama kutoka ziwani, ni katikati: Burundi iko juu yako, Kongo iko mbele yako, Zambia iko chini kabisa. Hata wakubwa wa biashara hii walianza hivyo. Zara ilizaliwa mwaka 1975 A Coruña, mji wa bandari kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya Hispania, mbali na mji mkuu. Duka lake la kwanza nje ya nchi lilifunguliwa mwaka 1988 Porto, Ureno, yaani kwa jirani. New York ikaja 1989, Paris 1990. Chata mbili za kampuni hiyohiyo ya Inditex zilizolenga vijana, Pull&Bear ya mwaka 1991 na Bershka ya mwaka 1998, zilikuta njia imeshalimwa.

Kwa hiyo mwongozo huu hauelekei Dar. Unaelekea Kalemie na Bujumbura, na nimeuandika kwa mtu mwenye mtaji mdogo, fundi mmoja au wawili, na simu.

Hatua ya 1: Chagua vazi moja

Si mkusanyiko. Vazi moja. Ukianza na fulana, hudi, kapelo na suruali kwa pamoja, utakuwa na nguo nne mbovu na deni moja zuri.

Nenda Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, ukae sokoni Jumamosi mbili mfululizo, kaa karibu na wauza mitumba, hesabu vijana wananunua nini na wanarudisha nini mezani baada ya kukigeuzageuza. Utaona jambo ambalo litakuokoa: huwezi kumshinda mtumba kwa bei. Fulana ya mtumba ya pamba safi inauzwa bei ambayo hainunui hata kitambaa chako. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuuondoa mtumba taratibu, Marekani ikatishia kuwafungia soko lake, na aliyeshikilia msimamo, Rwanda, akasimamishiwa mwaka 2018 nafuu ya ushuru kwa mavazi yanayoingia huko. Mtumba upo na utaendelea kuwepo. Wewe unauza kile ambacho belo halina: nguo inayomtaja aliyeivaa. Kijana wa Ujiji hatakuta jina la mtaa wake ndani ya belo.

Kuhusu michoro, neno moja tu. Sokwe wa Gombe ameshachoka. Kila mgeni anayeondoka hapa ana sokwe kifuani. Tazama vitu ambavyo sisi wenyewe tunacheka tukiviona: chane la michikichi, karabai za wavuvi zikiwaka ziwani usiku kama mji mwingine, behewa la daraja la tatu. Na usiweke sura ya msanii bila idhini yake ya maandishi, hata kama kwao ni Kigoma na mmesoma naye.

Hatua ya 2: Jina, kabla hujachora chochote

Inasimuliwa kwamba mwanzilishi wa Zara, Amancio Ortega, alitaka duka lake liitwe Zorba. Baa iliyokuwa jirani ikawa na jina hilohilo, na herufi za bango zilikuwa zimeshatengenezwa, ikabidi wazipange upya. Ikatoka Zara. Si kila mtu ana bahati ya herufi zinazopangika.

Jina lako litatamkwa kwa Kiswahili, Kiha, Kirundi na Kifaransa. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu kiasi kwamba mtu wa Kasulu na mtu wa Makamba kule Burundi wanaelewana bila mkalimani, lakini ndugu hao wana maneno ambayo kwa mmoja ni salamu na kwa mwingine ni aibu. Andika majina matano, wasomee watu kumi wa ng'ambo pale bandarini, tazama nani anacheka vibaya. Jina refu likate. Herufi tano au sita zinakaa vizuri kifuani na kwenye lebo.

Likishapita, liangalie kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara. Hapa wengi huteleza, na mimi nilikuwa mmoja wao: kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama ya biashara. Jina la biashara linakutambulisha wewe mwenye duka. Alama ya biashara ndiyo inayomzuia mwingine kuweka chata yako kwenye fulana yake. Zote mbili ziko BRELA, lakini ni maombi mawili na ada mbili. Nguo, viatu na kofia ni daraja la 25, usije ukaomba daraja jingine. Usajili wa kwanza wa alama unadumu miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Na ulinzi huo unaishia mpakani. Alama iliyosajiliwa Tanzania Bara haikulindi Zanzibar, haikulindi Bujumbura wala Kalemie. Kila sehemu ina usajili wake. Kwa mtaji wa mwanzo anza na hapa nyumbani, kisha weka akiba kwa ajili ya nchi ambako mzigo wa tatu umekwisha bila wewe kusukuma.

Hatua ya 3: Kitambaa

Hapa ndipo chata nyingi zinakufa, na zinakufa kimyakimya, kwenye beseni la mteja.

Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa fulana 60 nyeusi. Nzuri mno. Ziliisha ndani ya wiki mbili, nikajiona nimefika. Wiki ya tatu kijana mmoja wa bodaboda akanisimamisha njiani, hakusema kitu, akanyanyua mikono tu. Kitovu kikaonekana. Fulana ilikuwa imefuliwa mara mbili. Mshono wa ubavuni ulikuwa umehama mpaka karibu na tumbo. Nilirudisha hela za watu 14, wengine waliona aibu kudai.

Tangu siku ile hakuna kitambaa kinachokatwa kabla hakijapita majaribio manne, yote yanafanyika uani kwako.

Jaribio la kwanza ni uzito. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 hasa, kipeleke kwa sonara akupimie kwenye mizani yake ya dhahabu. Zidisha gramu utakazopata kwa 100. Gramu 1.8 ni kitambaa cha gramu 180 kwa mita ya mraba, ambacho ndicho kinachofaa kwa fulana ya kiume inayokaa vizuri mabegani. Chini ya 150 kinaonyesha mwili. Hudi inataka 280 na kuendelea, na usidhani hudi haiuziki huku kwetu: mjini kuna joto, lakini Kasulu na milima ya Burundi wanaijua baridi.

La pili ni moto. Chomoa nyuzi mbili tatu, uziwashe kwa kiberiti. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuwa shanga ngumu nyeusi. Ukiona vyote viwili, ni mchanganyiko. Mchanganyiko si dhambi, ila usiuze kwa jina la pamba tupu.

La tatu, la kurudi kwa kitambaa, ndilo nililolikosa. Kata kipande cha sentimita 60 kwa 60, ndani yake chora kwa kalamu isiyofutika mraba wa sentimita 50 kwa 50. Fua kwa maji ya moto kiasi na sabuni ya kawaida, anika juani, rudia mara tatu. Pima. Kama 50 imekuwa 47, kitambaa kimerudi asilimia 6. Hesabu maana yake: fulana ya urefu wa sentimita 72 inaishia chini ya 68. Ikirudi asilimia 3 naweza kuvumilia kwa kuongeza kwenye vipimo vya kukatia. Zaidi ya hapo nafua jora zima kabla ya kukata, au nakiacha dukani. Wakati huohuo tazama pembe za mraba wako. Kama mraba umelala upande na kuwa kama tiara, huo ndio mshono utakaohamia tumboni.

La nne ni rangi. Lowesha kitambaa cheupe, sugua kwa nguvu mara 20. Nyeusi na nyekundu ndizo zenye makosa.

Kitambaa cha fulana Kariakoo kinauzwa kwa kilo. Kilo moja ya kitambaa cha gramu 180 ni takriban mita za mraba 5 na nusu, na baada ya vipande vinavyobaki inakupa fulana nne za saizi ya kati, tano ukimpata mkataji anayebana. Agiza rangi moja kwa wingi kuliko rangi tano kidogokidogo, kwa sababu ukirudi mwezi ujao nyeusi ya leo haitafanana na nyeusi ya wakati huo. Mwombe muuzaji akukatie kila kipande kutoka jora moja, na mkubaliane kabisa kwenye risiti. (Inaumiza kidogo kukumbuka kwamba nchi yetu inalima pamba, sehemu kubwa inaondoka ikiwa ghafi, halafu tunainunua ikiwa imerudi kutoka Asia ikiwa jora. Lakini hilo halitatuliwi na fundi wa Ujiji.)

Usisahau kitenge. Vitenge vinavyovushwa ziwani ndiyo fahari ya Kigoma, na kipande cha kitenge ndani ya kofia ya hudi au kwenye mfuko wa kifuani kinafanya kazi ambayo kuprinti hakuwezi. Kifue kwanza kivyake. Chumvi kwenye maji haitoshi, fua.

Hatua ya 4: Fundi

Fundi wa suti si fundi wa fulana. Kitambaa kinachovutika kinataka ovaloki na sindano ya ncha butu. Sindano ya kawaida inakata nyuzi na baada ya mwezi unaona vitundu kando ya mshono. Muulize fundi akuonyeshe sindano zake kabla hamjaongea bei. Asiyejua unazungumzia nini, mshukuru, ondoka.

Tengeneza karatasi ngumu za kukatia kwa kila saizi, na zikae kwako, si kwake. Mshonee mtu halisi, si mwanasesere: nina rafiki wa saizi ya kati na mwingine mkubwa ambao hawalipi nguo zangu kamwe, malipo yao ni kuvaa, kuinua mikono, kuinama, na kunitukana. Shingo ndiyo ya kutazamwa sana. Ribu ya shingo, ule utepe unaovutika, ikatwe fupi kuliko tundu lenyewe ili ikumbatie, la sivyo shingo inafunguka kama ua kabla mwezi haujaisha. Yule mama wa Kalemie alipochukua sampuli ya kwanza aliivuta shingo kwa vidole viwili, akaiachia, akaitazama inavyorudi. "Iko muzuri," akasema, "lakini kichwa ya watu wangu haipite." Tukaongeza sentimita moja na nusu.

Lipa kwa kipande, si kwa siku, na kagua kila kipande kabla ya kulipa.

Hatua ya 5: Kuprinti

Kwa vipande zaidi ya 30 vya mchoro mmoja, skrini ni rahisi zaidi na inadumu. Kwa oda ya vipande vitano vyenye rangi nyingi, chapa za DTF, yaani mchoro unaochapwa kwanza kwenye filamu kisha kugandishwa kwa mashine ya joto, ni sawa, ila zikiwa kubwa kifuani zinafanya fulana iwe kama ngao, jasho halitoki. Wino wa plastisoli, ule wa skrini, lazima ufike karibu nyuzi joto 160 mpaka ndani, usikauke juu tu. Umeme ukikatika katikati, usijidanganye kwamba "imeshakauka". Kinyooshe kipande: chata ikipasuka nyufa, hakijaiva. Kila mzigo, fua fulana moja mara tano kabla ya kuuza nyingine 59.

Hatua ya 6: Bei, na anza na ya jumla

Wengi wanaweka bei ya rejareja kwanza, wanafurahi, halafu mfanyabiashara anakuja kutaka vipande 50 na hakuna nafasi ya kumpunguzia. Chata isiyo na bei ya jumla haivuki ziwa.

Tuseme kwa mfano, nawe weka tarakimu zako: kitambaa 4,000 kwa fulana, ribu na uzi 500, kukata na kushona 3,000, kuprinti 2,500, lebo na mfuko 600, usafiri wa kitambaa 400. Hizo ni 11,000. Ongeza 550 kwa ajili ya zile zitakazoharibika, maana katika kila 20 moja itakuwa na doa au mshono mbaya. Ongeza 1,450 kwa bando, picha, pango na leseni. Tumefika 13,000. Bei ya jumla hapa mjini 18,000, rejareja 25,000. Kwa ng'ambo ongeza gharama halisi ya boti, kufunga na ushuru, tuseme 2,000, na jumla iwe 20,000. Anayekuuzia huko lazima abaki na chake, la sivyo atakuweka chini kabisa ya rundo.

Kama ukikaa na tarakimu hizi ukaona fulana inafika 19,000 kabla ya faida, usipandishe bei kwanza. Rudi kwa mkataji. Mara nyingi hela imelala sakafuni kwake, kwenye vipande.

Hatua ya 7: Makaratasi ya nyumbani

Kwa ufupi: namba ya NIDA, TIN kutoka TRA ambayo haina malipo, jina la biashara BRELA, leseni ya Manispaa ya Kigoma Ujiji kupitia mfumo wa TAUSI. Pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, uulize kuhusu kusaidiwa kupata alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Mkiwa kikundi, ulizieni mkopo wa halmashauri usio na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo 4 ni ya vijana. Msiunde kikundi cha uongo kwa ajili ya mkopo. Hela ikitoka, kikundi cha uongo kinagombana kweli.

Hatua ya 8: Mji ukutambue kwanza

Kabla ya kuvuka, nguo ionekane hapa. Siku ya mechi Uwanja wa Lake Tanganyika, vijana watano waliovaa chata moja wanatosha. Picha piga asubuhi au jioni kwenye mwanga wa ziwa, si ndani ya duka chini ya taa ya bluu, na piga na mshono wa karibu ili anayenunua kwa WhatsApp aone anachokipata. Toa idadi ndogo na uiseme: vipande 40, vikiisha vimeisha. Kisha usirudie, hata wakikusihi. Kijana aliyevaa kitu ambacho jirani yake hawezi kukipata ni bango linalotembea.

Hatua ya 9: Kuvuka

Una njia mbili, na hazifanani.

Burundi unakwenda kwa barabara kupitia Manyovu. Nchi zote mbili ziko Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa mfanyabiashara mdogo kuna utaratibu rahisi: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, uliotengenezwa ndani ya jumuiya na ulio kwenye orodha inayokubaliwa mpakani hapo, unapewa cheti rahisi cha uasilia, yaani cha kuonyesha umetengenezwa wapi, pale pale forodhani na hautozwi ushuru wa forodha. Dola ikiwa shilingi 2,500 na fulana ikiwa 20,000, hizo ni fulana 250, yaani zaidi ya utakazozifunga mwaka wa kwanza. Kodi nyingine za ndani ya nchi na ada hazifutwi na cheti hicho, kwa hiyo uliza kabla hujafunga mzigo.

Sikiliza hapa, maana ndipo tofauti ya fundi na mchapishaji inapojitokeza. Ukinunua fulana tupu zilizotoka China ukazipiga chata, kwa kanuni za uasilia hujazibadilisha. Kubandika au kuprinti nembo hakuhesabiki kuwa utengenezaji. Zinabaki fulana za China, na bidhaa ya nje ya jumuiya iliyo kwenye kundi la juu inapigwa ushuru wa asilimia 35. Ukikata na kushona hapa, una hoja ya kusimamia. Chukua risiti za kitambaa, za ufundi, na picha za karakana, mfuate afisa forodha kabla ya safari umwonyeshe. Namba ya forodha ya fulana za kitambaa kinachovutika kama hiki ni 6109, ukiitaja mazungumzo yanakwenda haraka.

Bujumbura, anza na Buyenzi. Ni mtaa wa Waswahili, utauza kwa lugha yako. Bei taja kwa shilingi au kwa dola, na faranga utakazopokea usilale nazo. Kiwango cha benki na kiwango cha mtaani vimekuwa mbalimbali kwa miaka, na faranga iliyokaa mfukoni wiki mbili inaweza kula faida yako yote.

Kongo unakwenda kwa maji, kutoka Kibirizi au bandari kuu. Ilijiunga na jumuiya mwaka 2022, lakini usifunge mzigo ukidhani milango yote imefunguka siku hiyo. Ukitua Kalemie utakutana na DGDA ambao ni forodha, OCC wanaokagua bidhaa, na DGM ambao ni uhamiaji, kila mmoja na karatasi yake. Usiende na mzigo wa kwanza peke yako. Mpe mtu anayevuka kila wiki, mlipe, na wewe panda boti hiyohiyo na begi lako tu, uone kila meza anayosimama na anachotoa. Dai risiti kila mahali. Kadi ya njano ya homa ya manjano ni lazima. Kaskazini, upande wa Uvira na Baraka, ulizia hali ya usalama wiki hiyohiyo, si mwezi uliopita.

Kufunga mzigo ni kazi yenyewe. Maji ya ziwa yanaingia kwenye boti la mbao kutoka pande zote, na mvua inamalizia. Fulana kumi kumi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, mifuko ndani ya karatasi nzito ya nailoni, ndipo kiroba, na kiroba kishonwe mdomo. Andika jina la mpokeaji pande tatu. Nilishawahi kupokea simu kutoka ng'ambo, mtu ananiambia mzigo umefika "lakini unalia". Ulikuwa unachuruzika.

Wakongo wanajua kuvaa. Nchi yenye wasapeur, wale watu wa kuvaa kimaridadi, haitakuchukulia fulana yenye uzi unaoning'inia, hata kwa nusu bei. Lebo yako iwe na Kiswahili na Kifaransa: "Imetengenezwa Tanzania, Fabriqué en Tanzanie". Inaonekana kitu kidogo, lakini muuzaji wa Kalemie anaikunja kola na kumwonyesha mteja lebo kabla ya kumwonyesha nguo.

Malipo huko ni dola. Zikague moja moja, mchana, usizikusanye gizani kwenye maboti. Dola iliyochanika hata kidogo ukingoni hakuna atakayeipokea Kalemie, kwa hiyo watu wana haraka ya kuisukumia kwa mgeni. Na usitoe mali kauli safari ya kwanza, ya pili wala ya tatu. Nilitoa vipande 30 kwa mtu aliyeniita ndugu mara nyingi sana ndani ya nusu saa. Namba yake bado ninayo, haipatikani. Sasa nafanya hivi: safari tatu taslimu, ya nne nusu kwa nusu, na deni la zamani halijalipwa mzigo mpya hautoki Kigoma. Yule mama hajawahi kuniomba mali kauli, na ndiye ambaye ningempa.

Hatua ya 10: Lini uongeze mji mwingine

Forever 21 ilianzishwa Los Angeles mwaka 1984 na mume na mke waliohamia Marekani kutoka Korea Kusini. Ilivuma miongoni mwa vijana kuliko nyingi. Kisha ikakimbia, kutoka nchi 7 hadi 47 ndani ya kipindi kisichofika miaka sita, ikiwa na maduka makubwa ya kukodi kila mahali. Septemba 2019 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaoidai, ikaanza kufunga maduka nje.

Mimi natumia kipimo kimoja. Mji mpya naufungua pale mji wa mwisho ulipoagiza mara tatu mfululizo bila mimi kuupigia simu. Kalemie ilichukua miezi tisa kufika hapo, Bujumbura imechukua zaidi ya mwaka na bado inasuasua kwa sababu ya faranga. Mpulungu sijafika. Zambia haiko kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo karatasi zake ni za SADC, na safari ya kufika kusini ya ziwa ni ndefu. Nimempa kapteni fulana tatu azivae bandarini, nasubiri kuona kama kuna atakayemshika mkono.

Oda za mmojammoja kutoka kwa watu wa Kigoma walio Ulaya na Marekani zitakuja zenyewe kupitia simu. Zitume kwa EMS ya Posta, pokea malipo yote pamoja na nauli kabla ya kufunga, na weka wazi kwamba ushuru wa kwao watalipa wao. Usizijengee mipango. Ni watu wanaokumbuka nyumbani, wananunua mara moja.

Dar nilirudi mwaka jana, kwa njia tofauti. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliona fulana yetu kwa mteja wake aliyetoka Lubumbashi, akapiga simu kuuliza kama ni mzigo wa Kongo. Nikamwambia ni wa Ujiji. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza bei ya jumla.